Kupanga Likizo Katika Milima ya Jungfrau, Uswizi

Anayenuia kuzuru eneo la Jungfrau nchini Uswizi hana budi kuanza na hali ya hewa, wala si hoteli. Reli iliyokamilika mwaka 1912 humfikisha msafiri Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, kwa nauli ghali mno. Wingu likitanda, ataambulia ukungu mtupu. Kwa hivyo ni heri akae siku tatu au nne bondeni Lauterbrunnen, au Wengen, kijiji kisichofikika kwa gari ila kwa treni, kisha anunue tiketi asubuhi ile kilele kinapoonekana. (Huko juu atembee polepole, hewa ni nyepesi.) Mkenya naye aombe mapema viza ya Schengen, eneo ambalo Uswizi ilijiunga nalo mwaka 2008.