Mabomu Yaliyoachwa Msituni

Wasomaji wetu waliokwisha kuvuka miaka hamsini wangali wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Idi ya Mfunguo Mosi ilikuwa imepita siku kumi hivi. Asubuhi ile redio ilitangaza, kwa sauti iliyozoeleka katika kila nyumba, kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Sauti ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown hapa kwetu Mombasa. Askari waasi wa Jeshi la Anga walikuwa wamemtoa nyumbani kwake Nairobi na kumsomesha tangazo lile chini ya mtutu wa bunduki.

Kisa cha Mbotela kimesimuliwa barazani na jikoni. Kuna kisa kingine cha siku ile ile ambacho hakijapata wasimulizi wengi, nacho ni cha marubani watatu wa Nanyuki.

Nanyuki ni mji wa askari tangu zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Waingereza walikuwa na uwanja wa ndege huko, na Waitaliano waliotekwa walifungiwa kambini chini ya Mlima Kenya. Baada ya uhuru, Kenya ikajenga hapo kituo cha ndege zake za kivita. Mwenye kutoka Nanyuki kwenda Meru huuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, akapita Timau, hata akaikaribia Kibirichia, nchi ya wakulima wa viazi. Juu ya mashamba hayo yote kuna msitu wa mlima, na msitu huo una sehemu yake katika habari hii.

Waasi walikwisha kuvishika vituo vya Eastleigh na Embakasi. Huko Nanyuki, Koplo Bramwel Njereman aliwashurutisha kwa silaha Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza waingie katika ndege tatu zilizopakiwa mabomu. Amri ilikuwa wakaipige Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya kikosi cha GSU. Mugwanja na Baraza walipewa ndege aina ya F-5. Mutua alipewa Strikemaster, naye Njereman akaketi pamoja naye ili amchunge.

Mutua alijua jambo moja ambalo mlinzi wake hakulijua. Ndege ya kivita ikipinda au kupanda kwa ghafula, damu hushuka kutoka kichwani, macho yakaingia giza, na asiyezoea huzirai. Rubani hufundishwa kukaza miguu na tumbo ili damu isimkimbie. Koplo hakuwa amepata kupanda ndege ya namna ile. Basi marubani wakasemezana hewani, wakaanza kuzigeuza ndege juu chini, chini juu, hata mwenye bunduki akapoteza fahamu. Mabomu wakayatupa katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi kutua Nanyuki.

Rais hakuwa Ikulu siku ile, alikuwa kwake Kabarak. Ambao wangeangukiwa na mabomu yale ni wapishi, wafagiaji, walinzi wa zamu, na majirani waliokuwa bado wamelala. Kwa maoni yetu, hili ndilo la kuzingatiwa zaidi kuliko ushujaa wa kugeuza ndege.

Wanazuoni wa fiqhi wameyapambanua haya tangu kale katika mlango wa ikrahi, yaani kushurutishwa. Mwenye kulazimishwa kutamka neno, na moyo wake haumo, ana udhuru, na mfano wake ni Ammar bin Yasir alivyoteswa na washirikina wa Makka. Lakini mwenye kuambiwa, “Muue fulani, la sivyo tutakuua wewe,” haruhusiwi kuua, kwa kuwa nafsi yake haina thamani kupita ya yule mwingine. Mbotela alishurutishwa kusema, akasema, na hakuna wa kumlaumu. Marubani walishurutishwa kuua. Hatudai kwamba walisoma vitabu hivyo, ila walichokitenda angani kimeafikiana na mlango huo.

Mchana wa siku hiyo jeshi lililobaki katika utii, likiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, Mwislamu wa jamii ya Wasomali, liliikomboa Sauti ya Kenya. Mbotela akarudishwa hewani kutangaza kwamba serikali ingali ipo. Mahmoud Mohamed akakabidhiwa Jeshi la Anga, ambalo lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1986 hadi 1996. Hezekiah Ochuka, kiongozi wa waasi, alikimbilia Tanzania kwa ndege, akarudishwa. Alinyongwa mwaka 1987 katika gereza la Kamiti, na Njereman pia.