Mstari wa Orroroo: Kabla Hujakodi Shamba la Bei Poa, Soma Hii



Msimu wa kukodi mashamba umefika, na simu ninazopokea wiki hizi zinafanana. "Bwana shamba, nimepata ekari 50, bei ya kutupa, na mwaka jana jirani amevuna vizuri mno." Nikiuliza hapo mahali panapata milimita ngapi za mvua, na si mwaka jana tu bali miaka ishirini iliyopita, wengi wananyamaza. Bei ya shamba wanaijua. Bei ya mbegu wanaijua. Mvua wanaiachia Mungu.

Leo sitazungumzia mbegu wala dawa. Nataka twende Australia, kwenye mji mdogo wa wakulima unaoitwa Orroroo. Wenzetu wa kule walilipa gharama kubwa kujifunza jambo hili, na sisi tunaweza kulipata bure.

Orroroo ni wapi?

Orroroo ipo katika jimbo la Australia Kusini, zaidi ya kilomita 250 kwa barabara kutoka Adelaide, makao makuu ya jimbo, ukielekea kaskazini. Ni mji mdogo, wakazi wake hawafiki elfu moja. Umekaa kwenye tambarare, na magharibi yake kuna safu ya milima ya Flinders. Wanalima ngano na shayiri, na wanafuga kondoo. Pembeni ya mji kuna mkaratusi mkubwa unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 500, na ukizungusha kamba kwenye shina lake unahitaji zaidi ya mita 10. Kabla Wazungu hawajafika, eneo hilo lilikuwa la watu wa kabila la Ngadjuri.

Mvua yao ni tofauti na yetu. Inanyesha wakati wa baridi, kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi. Ngano inapandwa mvua zikianza na inavunwa mwisho wa mwaka jua likiwa kali. Kwa kuwa mvua inakuja wakati wa ubaridi, maji hayapotei haraka juu ya udongo. Ndiyo maana kule mtu anaweza kuvuna ngano kwa mvua ambayo huku kwetu mahindi yangekauka kabla hayajatoa mbelewele. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kinachoifanya Orroroo iwe somo ni kwamba imekaa kwenye mpaka. Ukienda kusini yake ni nchi ya ngano. Ukienda kaskazini ni nchi ya kondoo, halafu jangwa. Na mpaka huo una jina la mtu.

Bwana Goyder na farasi wake

Koloni la Australia Kusini lilianzishwa mwaka 1836. Wafugaji wakubwa wakatangulia kaskazini na kondoo wao, wakulima wakafuata nyuma polepole. Ukame mkali ukapiga kati ya mwaka 1864 na 1865. Kondoo wakafa, wafugaji wakaomba serikali iwapunguzie kodi ya ardhi. Serikali ikataka kujua ni nani hasa ameathirika, na mpaka wa ukame uko wapi.

Kazi hiyo akapewa Mpima Ardhi Mkuu, George Goyder. Mwaka 1865 akapanda farasi akazunguka karibu kilomita 3,200. Mtu huyu hakuwa na setilaiti, wala kumbukumbu za mvua za maana kwa sehemu nyingi alizopita. Alichofanya ni kusoma mimea. Alitazama pale ambapo vichaka vya mallee, yaani mikaratusi mifupi yenye mashina mengi, vinaisha, na pale vinapoanza vichaka vya chumvi, vile vifupi vyenye majani ya kijivu vinavyovumilia ukame. Akaelewa kwamba mimea hiyo haikujipanga yenyewe kwa bahati. Imepangwa na mvua ya miaka mingi sana, mizuri na mibaya.

Akachora mstari kwenye ramani. Kusini ya mstari: lima. Kaskazini ya mstari: fuga, usilime. Mvua zilipokuja kupimwa vizuri miaka ya baadaye, ikaonekana mstari huo unakaribiana na maeneo yanayopata milimita 300 hivi kwa mwaka. Mtu na farasi, jamani.

Miaka mizuri ikaleta maneno

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo najiona mimi na wewe.

Mwaka 1869 ilipitishwa sheria iliyoruhusu wakulima kununua ardhi ya serikali kwa mkopo. Mwaka 1872 mstari wa Goyder ukaingizwa kwenye sheria: mkopo wa ardhi ya kilimo ni kusini ya mstari tu. Lakini miaka hiyo mvua zilikuwa nzuri. Ngano ikakubali hata sehemu ambazo Goyder alisema haitakubali. Watu wakaanza kumcheka. Magazeti, wanasiasa na wakulima wenye njaa ya ardhi wakaibana serikali. Kulikuwa na imani, na Marekani pia ilikuwepo, kwamba mvua inalifuata plau: ukishalima nchi kavu, mvua itakuja yenyewe.

Mwaka 1874 serikali ikaufuta ule mpaka kwenye sheria. Milango ikafunguka. Familia zikapakia mikokoteni zikaenda kaskazini. Orroroo yenyewe ilipimwa viwanja katikati ya miaka hiyo ya 1870, na mbele yake ikachipuka miji mingine kama Carrieton, Hammond na Cradock. Reli ikajengwa. Nyumba za mawe zikajengwa, maduka, makanisa, shule.

Mbali zaidi kaskazini, karibu na jangwa, mwaka 1878 ukaanzishwa mji wakauita Farina. Kwa Kilatini neno hilo maana yake ni unga. Waliamini patakuwa ghala la ngano.

Kisha ikaja miaka ya 1880 hadi 1882. Mvua zikakata. Zikakata tena. Ngano haikujaza, mingine haikuota kabisa. Mkulima ana deni la ardhi, ana deni la duka, na shambani kuna vumbi. Wengi wakarudisha ardhi serikalini wakaondoka mikono mitupu. Hadi leo ukipita kaskazini ya Orroroo utaona kuta za mawe zimesimama peke yake katikati ya malisho, bila paa, bila mtu. Hizo ni nyumba za watu waliokuwa na ndoto kama zako na zangu. Farina haikuwahi kuwa mji wa unga. Umebaki magofu, na watu wa kujitolea hukusanyika huko kila mwaka kuyatunza.

Goyder alifariki mwaka 1898. Aliishi vya kutosha kuona mstari wake umethibitishwa.

Waliobaki walibakije?

Orroroo haikufa. Iko kwenye mstari wenyewe, na waliobaki walibadilika. Mambo matatu yaliwasaidia.

Kwanza, mashamba yaliungana. Aliyeondoka, jirani alichukua eneo lake. Kwenye nchi kavu eneo dogo halilipi, kwa hiyo wakulima wakawa wachache wenye mashamba makubwa.

Pili, walichanganya ngano na kondoo. Mwaka mzuri ngano inaleta hela. Mwaka mbaya, ngano iliyoshindwa inalishwa kondoo, na sufu na nyama vinalipa karo. Mfumo huo upo hadi leo.

Tatu, zana na elimu. Mwaka 1876 Richard Bowyer Smith wa Australia Kusini alibuni plau inayoruka visiki: jembe likigonga kisiki linanyanyuka, linapita, linarudi chini. Mashamba ya mallee yaliyojaa mizizi yakalimika bila kung'oa kila kisiki. Mwaka 1883 kikaanzishwa chuo cha kilimo cha Roseworthy, na majaribio yake yakawaonyesha wakulima kwamba udongo wao umechoka na unahitaji mbolea ya fosfeti. Lakini angalia: hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicholeta mvua. Vilisaidia kuitumia vizuri mvua iliyopo.

Hesabu ya maji

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Australia Kusini, French na Schultz, walitoa hesabu rahisi ambayo wakulima wa ngano wa kule wameitumia sana. Inasema hivi: chukua milimita za maji ambayo zao limetumia msimu mzima. Toa 110, ambayo ni maji yanayopotea hewani kutoka kwenye udongo. Kila milimita inayobaki inaweza kukupa hadi kilo 20 za ngano kwa hekta.

Tufanye pamoja. Msimu una milimita 250. Toa 110, zinabaki 140. Zidisha kwa 20, unapata kilo 2,800 kwa hekta, sawa na gunia 11 hivi za kilo mia kwa ekari. Safi.

Msimu mbaya una milimita 150. Toa 110, zinabaki 40. Zidisha kwa 20, unapata kilo 800 kwa hekta. Hizo ni gunia tatu na kidogo kwa ekari.

Umeona? Mvua imepungua kwa asilimia 40, lakini mavuno yameshuka kwa zaidi ya asilimia 70. Na gharama za kulima, mbegu na mbolea hazikupungua hata shilingi. Hapo ndipo mikopo inapoua watu. Namba hizi ni za ngano ya kule, usizibebe ukazipachika kwenye mahindi au alizeti yako. Lakini kanuni ni ileile: milimita za kwanza zinalipa udongo na jua, zinazobaki ndizo zinakulipa wewe. Na kwa kuwa mvua zetu zinanyesha wakati wa joto, sisi tunapoteza nyingi zaidi. Kwa hiyo usiseme "wao wanalima kwa 300, mimi nina 550, niko salama." Si hivyo.

Na sisi tulishapata ya kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga kwa mradi mkubwa ambao haukujali vya kutosha mvua na udongo wa pale. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Mtaji mkubwa haukulinunua wingu hata moja.

Fanya haya kabla hujatoa hela

1. Tafuta kumbukumbu za mvua. Nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa, ofisi ya kilimo ya wilaya, au kituo chochote cha karibu chenye kipima mvua, iwe shule, misheni au shamba la zamani. Tafuta miaka 20 au zaidi.

2. Ipange miaka hiyo kutoka mkavu zaidi hadi wenye mvua zaidi. Waaustralia wanaigawa kwenye mafungu kumi. Gibbs na Maher walieleza njia hiyo mwaka 1967 na idara yao ya hali ya hewa inaitumia hadi leo. Ukiwa na miaka 20, miaka sita ya chini ndiyo mafungu matatu mabaya.

3. Piga bajeti yako kwa mwaka wa sita kutoka chini, si kwa wastani na si kwa mwaka jana. Kama kwa mvua hiyo hurudishi gharama, basi karibu mara tatu au zaidi kwa kila misimu kumi utapata hasara. Jiulize kama mtaji wako unaweza kuvumilia mibaya miwili ikifuatana. Kule Australia ilifuatana.

4. Soma mimea kama Goyder. Tembea na mzee wa pale. Muulize pori la asili lilikuwa na miti gani, na mwaka wa njaa watu walikula nini. Kama eneo lote ni migunga na malisho, na wenyeji wamefuga vizazi na vizazi bila kulima, wana sababu zao.

5. Usikope kwa kutegemea mwaka mmoja mzuri. Bei ya shamba ikiwa chini sana, mara nyingi mwenyeji ameshapiga hesabu ya mvua kabla yako.

6. Kama eneo ni la mpakani, changanya. Mtama, ufuta au alizeti pamoja na mbuzi au ng'ombe. Mifugo inakupa kitu cha kuuza mwaka ambao shamba limekataa.

7. Nunua kipima mvua chako na daftari. Andika kila siku inaponyesha. Miaka mitano ijayo daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno ya dalali yeyote.

Neno moja la mwisho. Mstari wenyewe hautulii. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba joto likiongezeka na mvua ikipungua, mpaka wa kulima nafaka unaweza kusogea kusini, kuelekea maeneo ambayo leo ni mazuri. Kwa hiyo hata wewe uliye kwenye shamba zuri leo, endelea kupima.

Ukishapata namba za mvua za shamba unalotaka kukodi, nitumie tukae tuzipige hesabu pamoja kabla hujasaini mkataba. Ukiniletea baada ya kusaini, kitakachobaki ni kukupa pole.

Msimu mwema.