Mzazi afanye nini mtoto mwenye mahitaji maalum anapopangiwa shule isiyomfaa?

UAMUZI wa kumpeleka mtoto mwenye mahitaji maalum katika shule fulani huweza kuchukua dakika chache mezani pa afisa wa elimu, lakini athari zake humwandama mtoto huyo kwa miaka mingi. Wazazi wengi hupokea uamuzi huo kwa kauli ya mdomo tu, wakarudi nyumbani na kuamini kwamba hakuna la kufanya.

Chukua mfano wa mama anayeishi Murera, wadi ya eneobunge la Juja katika Kaunti ya Kiambu. Mwanawe wa miaka minane ana mtindio wa ubongo. Miguu haimtii na maneno humtoka kwa taabu, ila anaelewa kila anachoambiwa na huwatambua wageni kwa majina. Siku ya kupimwa anashindwa kujibu maswali upesi. Fomu inajazwa kwamba ana ulemavu wa akili, naye anapangiwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu huo, mbali na kwao. Mama ana yakini kwamba kosa limetendeka. Je, amwendee nani?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kosa la aina hiyo si dogo. Mtaala wa umilisi unaotumika nchini una njia mbili kwa wanafunzi wenye mahitaji maalum. Njia ya kwanza ni ile ya kupanda kutoka gredi moja hadi nyingine, ambapo mtoto hufuata masomo sawa na wenzake na kufanya tathmini za kitaifa, akisaidiwa kwa vifaa, maandishi ya nukta nundu, lugha ya ishara au muda wa ziada. Njia ya pili huenda kwa hatua badala ya gredi, na hukusudiwa wale ambao hali yao haiwaruhusu kufuata masomo ya kawaida. Hao hufunzwa kujitunza, kuwasiliana na hatimaye kazi za mikono.

Njia zote mbili zina heshima yake. Lakini mtoto mwenye uwezo wa kufuata ya kwanza akitupwa katika ya pili, mlango wa sekondari na chuo humfungikia kabla hajajua kusoma. Kinyume chake pia ni dhuluma. Mtoto anayehitaji uangalizi wa karibu akiachwa nyuma ya darasa lililofurika, bila mwalimu aliyesomea elimu maalum, atahesabiwa yuko shuleni ilhali hafundishwi.

Sheria imemkinga mtoto huyu kwa ngao kadhaa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata taasisi za elimu zilizochangamana na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Aidha, Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unadai mfumo wa elimu unaomjumuisha kila mwanafunzi. Sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nayo iliegemea upande huo huo.

Hata hivyo, maneno ya Kifungu cha 54 yasomwe kwa makini. Hayampi mzazi haki ya kuchagua shule yoyote aipendayo. Kipimo ni maslahi ya mtoto. Kwa sababu hiyo, rufaa inayosema tu kwamba mzazi hapendi shule aliyopangiwa mwanawe ni dhaifu. Rufaa yenye nguvu huonyesha kile anachohitaji mtoto, kwamba shule aliyopangiwa haina, na kwamba ipo nyingine iliyo nacho.

Hatua ya kwanza ni kuomba uamuzi kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au huenda ikaathiriwa, na uamuzi wa kiutawala anastahili kupewa sababu zilizoandikwa. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015 ilitungwa kutekeleza kifungu hicho. Mwalimu mkuu anayesema "hatuna nafasi ya mtoto kama huyu" aombwe, kwa adabu, aliandike hilo na kutia sahihi. Akikataa, mzazi mwenyewe aandike barua akieleza alichoambiwa, siku na saa, aiwasilishe ofisini na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Pasipo karatasi, rufaa hukosa pa kusimama.

Hatua ya pili ni kuchunguza ripoti ya tathmini. Vituo vya kuwapima watoto hawa, ambavyo wengi huvijua kwa jina EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Vituo hivyo hutazama kusikia, kuona, viungo, usemi na uwezo wa kujifunza, kisha hupendekeza iwapo mtoto aende darasa la kawaida akisaidiwa, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, shule maalum au afundishiwe nyumbani.

Mzazi aulize maswali manne. Nani aliyempima mtoto, na amesomea nini? Je, mtoto alipimwa kwa lugha anayoielewa? Je, alipewa njia ya kujibu inayolingana na hali yake, kama vile kuonyesha picha badala ya kusema? Je, tathmini hiyo ilifanywa lini? Mtoto hubadilika, na ripoti ya miaka mitatu iliyopita haimwelezi mtoto wa leo.

Ikiwa majibu yanatia shaka, mzazi aombe tathmini ya pili. Wakazi wa Murera wana bahati kwamba Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, karibu na barabara kuu ya Thika. Taasisi hiyo hufunza walimu wa elimu maalum na pia huwapima watoto. Ripoti ya daktari nayo ni muhimu, lakini isichanganywe na ripoti ya elimu. Daktari hueleza maradhi au ulemavu, ilhali mpimaji wa elimu hueleza jinsi mtoto anavyojifunza. Rufaa huwa imara zaidi ikiambatanishwa na zote mbili.

Hatua ya tatu ni kuizuru shule iliyopangwa na ile inayotakiwa. Thika na viunga vyake vina shule maalum za miaka mingi. Shule ya msingi ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Salvation Army mwaka 1946, na Joytown ni ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Lakini kuwa karibu na shule mashuhuri hakumaanishi kwamba inamfaa kila mtoto. Mzazi aangalie njia za kupitishia viti vya magurudumu, vyoo, idadi ya walimu waliosomea elimu maalum, na iwapo mtoto anaweza kwenda na kurudi kila siku. Ayaandike ayaonayo, kwani hayo ndiyo ushahidi.

Hatua ya nne ni barua ya malalamishi kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Barua ndefu haihitajiki. Ukurasa mmoja unatosha ukieleza uamuzi uliotolewa, kosa lililomo, ushahidi ulioambatanishwa na kile mzazi anachoomba kifanywe. Ombi liwe bayana: mtoto apimwe upya, au ahamishiwe shule iliyotajwa, au abaki shule ya jirani na apewe msaada uliotajwa.

Iwapo jibu halitoki au haliridhishi, suala lipelekwe kwa bodi ya elimu ya kaunti. Mtu asiyeridhika na uamuzi wa bodi hiyo anaweza, kwa mujibu wa Kifungu cha 93 cha Sheria ya Elimu ya Msingi, kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Elimu. Ngazi hizi zisirukwe ovyo. Sheria ya 2015 inaitaka Mahakama Kuu isisikilize kesi ya kupinga uamuzi wa kiutawala kabla njia za ndani hazijakamilika, isipokuwa katika hali zisizo za kawaida.

Kuna milango mingine ambayo inaweza kubishwa wakati huo huo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasajili watoto hawa na linaweza kuwaombea kwa maafisa. Tume ya Haki katika Utawala, maarufu kama ofisi ya Ombudsman, hupokea bila malipo malalamishi kuhusu maafisa wa umma wanaokawia kujibu au kudhulumu. Na mambo yakifika mahakamani, Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kuanzisha kesi ya kutetea haki za kikatiba. Asiyemudu wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Kasoro kubwa ya utaratibu huu ni muda. Nchini Uingereza, mzazi ana miezi miwili ya kukata rufaa mbele ya jopo maalum linaloshughulikia elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, na barua ya uamuzi humweleza haki hiyo. Hapa Kenya, ni nadra mzazi kuambiwa na afisa aliyetoa uamuzi kwamba anaweza kuupinga. Kwa hivyo ni juu ya mzazi kuweka tarehe katika barua yake, kwa mfano kuomba jibu katika siku kumi na nne, na kufuatilia siku hizo zikipita.

Swali gumu zaidi ni mahali pa mtoto wakati rufaa ikiendelea. Baadhi ya wazazi humzuia nyumbani wakisubiri haki itendeke. Hilo lina hatari mbili. Mtoto hupoteza muhula baada ya muhula, na sheria inamtaka mzazi kuhakikisha kwamba mwanawe yuko shuleni, la sivyo anaweza kushtakiwa. Iwapo shule aliyopangiwa haihatarishi usalama wake, ni afadhali aende huku barua ya mzazi ikisema waziwazi kwamba amempeleka kwa muda na hajaukubali uamuzi. Iwapo inahatarisha, barua ieleze hatari hiyo na kuomba uamuzi wa dharura.

Kwa mama wa Murera, basi, safari haianzii mahakamani wala kwa mwanasiasa. Inaanzia kwenye faili moja yenye ripoti ya zamani, ombi la tathmini mpya, maelezo ya daktari na nakala za barua zilizopigwa muhuri. Afisa humsahau upesi mzazi aliyelia mlangoni pake. Barua yenye muhuri wa ofisi yake mwenyewe hubaki ndani ya faili, na siku moja atatakiwa kueleza ni kwa nini hakuijibu.