Kufundisha Mabadiliko ya Tabianchi kwa Mabua ya Mtama

Mkoa wa Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, ambao kwa kawaida huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Kwa wastani mji wa Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Mahali penye mvua chache namna hiyo, hakuna mzazi asiye na la kusema juu yake. Kwa hiyo mwalimu asilianze somo hili kwa kuhubiri. Kazi yake ni kuwapatia wanafunzi na wazazi hesabu wanazoweza kuzishika mkononi, kuzihoji na kuzibishania.

Vifaa

Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula hutosha kuwa kipimamvua. Kopo liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na liinuliwe ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu apime kina cha maji, aandike milimita katika daftari, kisha ayamwage. Siku isiyo na mvua nayo iandikwe, kwani sufuri pia ni hesabu.

Njia

Kila mwezi ugawanywe katika kumi la kwanza, la kati na la mwisho. Msimu ukiisha, wanafunzi wajumlishe mvua ya kila kumi na kukata mabua ya mtama: sentimita 1 kwa kila milimita 10. Mabua hayo yasimikwe uwanjani kwa safu, na penye kumi lisilo na mvua liwekwe jiwe. Hapo hata mzee asiyejua kusoma atauona msimu mzima.

Kisha wazazi waalikwe, na mwalimu aulize kwa adabu: Ni kumi lipi lililoyakuta mahindi yakichanua? Waliopanda uwele au mtama walivuna nini? Je, enzi za ujana wenu mapengo kama haya yalitokea?

Tuchukue mfano wa kubuni. Misimu miwili imepata milimita 560 kila mmoja. Katika wa kwanza mvua imetawanyika vizuri. Katika wa pili kuna mawe mawili yanayofuatana mwezi wa Februari, mahindi yakichanua. Jumla ni ile ile, lakini ghala si lile lile. Mzee asemaye kwamba mvua imeharibika na mwanafunzi asemaye kwamba haikupungua wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Mjadala wenye manufaa huanzia hapo.

Njia ya namna hii si ngeni. Katika miaka ya 2010, wakulima wa Kiteto, wilaya inayopakana na Dodoma, walikaa na maofisa ugani kuzichambua chati za mvua za miaka mingi kabla ya kuamua la kupanda. Utaratibu huo ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, msimu mmoja si tabianchi. Kipimo cha kawaida cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni miaka 30. Daftari, basi, lirithiwe na kila darasa, na hesabu za zamani zitafutwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Pili, mwanakijiji asibebeshwe lawama isiyo yake. Ni kweli kwamba kukata miti ovyo huharibu ardhi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza mwaka 1973, ulipambana na mmomonyoko wa udongo huko Kondoa. Lakini joto la dunia linazidi hasa kwa sababu ya kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu kubwa imechomwa katika nchi za viwanda.

Tatu, mkutano usifungwe kwa hotuba ya mwalimu. Ufungwe kwa uamuzi wa wazazi wenyewe: mwaka huu kila kaya itatenga sehemu gani ya shamba kwa mazao yanayostahimili ukame? Msimu ujao mabua yasimikwe tena, na uamuzi huo upimwe.