AKIBA YA CHAKULA NDANI YA MOTOKAA

Mwezi wa Novemba, 2023, mto Tana ulifurika, na barabara itokayo Nairobi kwenda Garissa ikakatwa na maji karibu na Madogo. Wasafiri waliotazamia kufika siku hiyo hiyo walikwama njiani. Jambo hili laweza kumpata yeyote. Kwa hiyo yafaa kila mwenye motokaa aweke akiba.

Kwanza ni maji. Katika nchi ya joto mtu mzima huhitaji lita 3 au zaidi kwa siku, hata akikaa kivulini. Njaa ya siku moja huvumilika, bali kiu haivumiliki. Maji ya rejeta yasinywewe kamwe, maana mara nyingi hutiwa dawa yenye sumu.

Pili ni chakula kisichohitaji kupikwa: tende, njugu zilizokaangwa bila chumvi, biskuti kavu, na maharagwe ya kopo pamoja na kisu cha kulifungulia. Chumvi nyingi huongeza kiu. Nyama mbichi na maziwa havifai, kwani joto la motokaa iliyofungwa huviharibu upesi.

Vyote vitiwe katika debe lenye kifuniko, chini ya kiti, na kubadilishwa kila miezi 3.

Tena mwenye chakula hana haja ya kuharakisha kuvuka mafuriko. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 60 tu, yaweza kuichukua motokaa pamoja na watu wake. Heri kungoja yapungue. Akiba haiozi.