Kiu Kando ya Ziwa: Dodoma na Miji ya Mara

Mwanafunzi wa Bunda apandapo mlima wa Balili siku ambayo anga ni safi, huliona Ziwa Victoria liking'aa upande wa magharibi. Hapana budi ajiulize: mji ulio karibu na maji mengi kiasi hiki waweza kuona kiu? Waweza. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na miji ya Bunda na Butiama iko juu zaidi. Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 100 kwahitaji nishati isiyopungua jouli 981,000, yaani zaidi kidogo ya robo ya uniti moja ya umeme, kabla ya kuhesabu nishati inayopotea katika pampu na mabomba. Maji ya ziwa ni ya bure. Yanayofika kilimani ni ya kununua.

Ndiyo maana miji ya Mara yafaa ijifunze kwa mji wa nchi kavu, nao ni Dodoma. Udugu upo: TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, Rais alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Mpango mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada, haukutamani maghorofa marefu. Ulikusudia mji wa watu waendao kwa miguu na kwa basi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022, watu 765,179.

Kwa miaka mingi mji huo umetegemea visima virefu vya Makutupora. Kina cha maji ya ardhini pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vimefunua jambo la ajabu: mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana. Maji hupanda kwa nadra, katika misimu ya mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, kisha hushuka pole pole kwa miaka. Basi mchanga wa mito ya msimu, ambao mgeni auona kuwa uwanja mtupu unaongoja kujengwa, ndio mlango wa tangi la mji. Ukifunikwa kwa saruji, gharika itapita juu yake na kwenda zake.

Jambo la pili ni nyumba. Wagogo walijenga tembe: kuta nene za udongo, na paa bapa la udongo juu ya miti na fito. Udongo mzito hupokea joto taratibu. La mchana hufika ndani jioni, nje kunapoanza kupoa. Bati halina subira hiyo. Katika miaka ya 1970 tembe ilihesabiwa kuwa alama ya kubaki nyuma. Silitetei paa livujalo. Nautetea unene wa ukuta.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Niliporejea kutoka masomoni Ulaya, ambako jua hutafutwa, nilijenga Musoma nyumba yenye madirisha mapana ya kioo yatazamayo magharibi, kwa kuwa ziwa liko huko, na mtu wa Musoma hutaka kuliona ziwa lake. Musoma iko nyuzi 1.5 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huangukia paa, na kuta za kaskazini na kusini hupata kidogo. Lakini tangu saa tisa alasiri miali huingia moja kwa moja kwenye dirisha la magharibi. Sebule ikawa tanuri.

Wanafunzi na wapime wenyewe: kipimajoto kimoja kwenye ukuta wa magharibi, kingine kwenye ule wa kusini, saa kumi alasiri. Kisha wapime mapaa ya shule. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 50 huleta lita 500, nazo hazidai pampu.

Mimi nimepanda miarobaini mitatu mbele ya madirisha yale. Ziwa sasa naliona vipande vipande, kati ya majani.