DNA ilianza kwa kumtoa mtu, si kumfunga

Wadau, kila likitokea tukio la mauaji au ubakaji utasikia, "Si wapime tu DNA?" Kana kwamba ile mashine inataja jina la mtu. Ngoja niwape kisa cha kesi ya mauaji iliyokitambulisha kipimo hiki duniani.

Ni Uingereza, karibu na mji wa Leicester. Mwaka 1983 binti wa miaka 15 alibakwa na kunyongwa. Mwaka 1986 akauawa mwingine, naye wa miaka 15. Polisi wakamkamata kijana wa miaka 17, akakiri kumuua huyo wa pili. Kesi imekwisha, sivyo? Wakamwendea Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyegundua mwaka 1984 namna ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba, wakitaka kumbana kijana kwa mauaji yote mawili. Majibu yakaja: manii ni ya mtu mmoja, na mtu huyo siye kijana. Kumbe alikiri asichofanya! Akaachiwa.

Mwaka 1987 wanaume wa eneo lile wakaombwa watoe damu. Wakapimwa maelfu, wapi! Jamaa mmoja mwoka mikate, Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Mwenzake akaropoka baa, na mmoja wa waliosikia akawaambia polisi. Pitchfork alipopimwa, vikalingana. Januari 1988 akafungwa maisha.

Mnaona? Maabara inalinganisha tu sampuli mbili. Haisemi sampuli ilifikaje pale, na bila mtu wa kulinganisha naye haina jibu. Mapacha wa kufanana ndio kabisa, kipimo cha kawaida hakiwatenganishi.

Kwetu Tanzania ipo sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na vipimo hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini ushahidi unaanza nyumbani. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla ya kufika hospitali. Nguo zikaushwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye nailoni unyevu huziozesha na vinasaba huharibika.

Na tukisikia "mtuhumiwa amekiri", tusiharakishe kumchomea tairi mtoto wa mwenzetu. Yule kijana naye alikiri.

Mnasemaje wadau?